Daftari la Mahamri

Mamangu alipika mahamri na mbaazi Likoni, kando ya njia inayoteremka kwenye feri, tangu kabla sijazaliwa hadi magoti yalipomkataa. Aliolewa mara moja, akazaa saba, akazika wawili, na akalea watoto wa ndugu na wa majirani mpaka sisi wa tumbo lake tukawa hatujali tena nani aliingia nyumbani kwa kuzaliwa na nani kwa kuletwa. Mwenyezi Mungu alimchukua mwaka 2021. Jina lake silitaji, kwa kuwa mwenyewe hakupenda litajwe ovyo. Likoni nzima ilimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, na hilo lilimtosha.

Alituachia nyumba ya vyumba vinne, minazi michache kwa wazee wake Mtongwe, karai mbili za chuma zilizoliwa na moto, na bati la biskuti lililojaa madaftari ya shule yenye jalada la buluu. Madaftari hayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Mimi husomesha historia katika shule ya sekondari, na kila mwaka huwaeleza wanafunzi habari za bandari ya Kilindini: meli, reli, migomo, vyama vya wafanyakazi. Katika vitabu tunavyotumia, kuli wa bandarini anaamka, anabeba, anagoma, anafukuzwa, anarudi. Hakuna ukurasa anapokula. Katika madaftari ya mama, kuli huyo huyo anakula kila siku, na imeandikwa amekula nini na amelipa lini.

Mama hakuingia skuli. Aliingia chuoni Mtongwe, akaihitimu Kurani, na kwa herufi hizo hizo za Kiarabu akajifunza kuandika Kiswahili, kama walivyoandika watu wa pwani kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kizungu kushika hatamu. Akienda maofisini aliambiwa hajui kusoma, akapigishwa dole gumba. Nyumbani aliandika kila usiku. Wateja wake wengi hakuwajua majina, basi aliwaandika kwa walivyo: mrefu wa kreni, Mtaita wa baiskeli, baba pacha, mwenye kikohozi, kijana wa simiti. Mbele ya kila mmoja aliweka idadi ya mahamri, duara dogo kwa kila bakuli la mbaazi, na deni likilipwa alilikata kwa mstari mmoja ulionyooka. Wadeni wenyewe, wengi wao Wakamba, Wataita, Waluhya na Wajaluo waliosoma kwa herufi za Kizungu, hawakuweza kuyasoma madeni yao. Waliambiwa kiasi, wakalipa kiasi hicho. Sijapata kusikia hata mmoja aliyebisha.

Biashara hii aliirithi. Bibi yangu, mamake mama, aliwauzia wavukaji mihogo ya kuchemsha na mikate ya mofa ya mtama siku ambazo kuvuka kwenyewe kulikuwa kazi. Feri ya Likoni ilianza mwaka 1937. Kabla yake mtu alivushwa kwa mashua ya makasia, na upepo ukikaza alilala alipo. Upande wa pili, Kilindini, gati za maji marefu zilikuwa zimeanza kupokea meli mwaka 1926, na kazi ya kupakia na kupakua ilifanywa na vibarua. Kibarua aliajiriwa kwa siku. Meli ikija alipata, meli isipokuja alirudi na mikono mitupu, na tumbo lake halikujua tofauti. Hapo ndipo mwanamke mwenye sufuria alipoingia. Mwenye duka hakumkopesha mtu asiye na kazi ya kudumu wala nyumba inayojulikana. Bibi alimkopesha, kwa sababu alimwona kila siku na alijua meli gani imetia nanga.

Makuli waligoma mwaka 1934, wakagoma tena 1939. Mgomo mkubwa ulikuja Januari 1947, ambapo wafanyakazi wapatao 15,000, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, waliweka kazi chini kwa karibu wiki mbili. Ndipo kilipozaliwa chama cha African Workers' Federation, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Serikali ilimkamata Agosti mwaka huo huo na kumfungia Kabarnet, mbali na bahari. Jaji Thacker akaamua mishahara iongezwe. Hayo vitabu vinayaeleza vizuri. Bibi alikuwa na maelezo yake: siku zile za mgomo wanaume walivuka kuja upande wetu kutafuta cha kutia mdomoni, naye akawakopesha mihogo mpaka shamba likabaki miti mitupu. Alisema alilipwa yote ila kidogo. Nikimuuliza hicho kidogo kilikwenda wapi, alijibu, "Kilienda na wenyewe makwao." Mgomo hudumu kwa kadiri wagomaji wanavyopata cha kula, na mtu anayewalisha kwa mkopo ameingia mgomoni pamoja nao, hata kama hajapata kuisikia hotuba moja.

Kwa bibi, mahamri yalikuwa chakula cha Idi na cha harusi. Ngano ililimwa bara na walowezi na kusagwa huko, na unga mweupe ulikuwa ghali. Kadiri reli ilivyouleta kwa wingi na makuli walivyoanza kushika pesa ya mwezi, hasa baada ya mgomo wa 1955, ambapo ajira za kudumu zilienea bandarini, kitafunio cha sikukuu kikawa kifungua kinywa cha kila siku. Mama aliikuta zamu hiyo ya mambo akiwa msichana. Aliiacha mihogo kwa bibi, akashika karai.

Aliamka saa nane usiku. Unga alikuwa ameukanda baada ya sala ya Isha: ngano, sukari, hamira, iliki aliyoitwanga mwenyewe, na tui zito. Maji hakutia hata tone, kwani mahamri ya maji hukauka kabla ya saa nne ya asubuhi. Donge alilifunika kwa kanga kuukuu ndani ya besheni likaumuka. Mbaazi alikuwa amezilowesha tangu mchana, zikachemka juu ya seredani kwa moto wa chini mpaka zikavunjika kwa kidole. Zikatiwa tui jepesi, kitunguu, pilipili mbichi na chumvi. Kasimile, tui la kwanza, ilikuja mwisho kabisa, na hapo yeyote aliyechochea makaa alikemewa, maana tui likichemka kwa nguvu hukatika.

Kisha akasukuma. Kila tonge likawa duara, duara likakatwa vipande vinne, na kila kipande kikateremshwa kwenye mafuta kwa pembeni, taratibu, mkono ukiwa karibu na karai kuliko nilivyoweza kustahimili kutazama. Hapo hapo alichota mafuta ya moto kwa upawa na kulimwagia hamri juu, mara mbili, tatu. Likafura. Akaligeuza. Likaiva rangi ya korosho iliyokaangwa, akalitoa. Mkono wake wa kulia ulikuwa na alama za mafuta kuanzia kifundo hadi kiwiko, nyingine nyeusi za zamani, nyingine nyekundu za juzi. Saa kumi alfajiri sufuria la mbaazi, kikapu cha mahamri na birika la chai ya tangawizi vilikuwa vimeshafika njiani, na wa zamu ya usiku walikuwa wanashuka kwenye feri macho mekundu.

Nyumba hiyo ilikuwa na mume, na sitamsahau. Baba alikuwa Mdigo wa Ng'ombeni, kuli wa kudumu mwenye kitambulisho cha kazi alichokipiga pasi pamoja na shati. Nilipokuwa darasa la tatu, wavu wa magunia ya kahawa ulikatika juu ya ngama ya meli, na mgongo wake haukunyooka tena. Alilipwa fidia iliyotosha mabati ya nusu ya nyumba. Kutoka siku hiyo mama alikuwa mke, mama, na mwenye kuleta. Baba alikaa kitandani miezi mingi akitazama ukutani. Usiku mmoja aliamka saa nane, akaketi juu ya mbuzi, akaanza kukuna nazi.

Mwanamume wa Likoni wa siku zile hakuonekana juu ya mbuzi. Mwanzo alikuna mlango ukiwa umefungwa. Mama hakumshukuru wala hakumwonea huruma. Alimsogezea nazi nyingine, akamwambia ile ya kwanza ameiachia nyama nyingi kwenye kifuu. Baba akakuna vizuri zaidi. Baada ya Idi mbili tatu akawa anakuna barazani, milango wazi, akiwasalimia wapitao, na chicha akiwatupia kuku wa jirani. Waliishi hivyo hadi alipokufa, yeye na nazi zake, mama na kifumbu chake, wakizungumza kwa Kidigo kwa sauti ya chini ili tusiamke. Nimesoma mengi kuhusu ndoa. Nilichokiona ukumbini kwetu saa tisa za usiku kimenifunza zaidi.

Sasa nieleze namna deni lilivyofanya kazi, kwa sababu hapo ndipo historia ilipo. Mama alichukua unga, sukari na mafuta kwa mkopo katika duka la Mshihiri mmoja, alipe kila Jumamosi. Yeye akawakopesha makuli, walipe mwisho wa mwezi. Kati ya Jumamosi na mwisho wa mwezi kulikuwa na shimo, na shimo hilo alilijaza kwa mchezo: wanawake wa mtaa, kila mmoja akitoa fungu lake kila wiki, na zamu ikimfikia mmoja akazoa chungu kizima. Mama karibu kila mara aliomba zamu ya mwisho, kwa kuwa kulikuwa na mwenzake mwenye karo, au mgonjwa, au harusi ya binti. Ukiifuata pesa hiyo hatua kwa hatua utaona kwamba bandari iliyokuwa ikiwalipa watu wake kwa mwezi iliendeshwa siku ishirini na tisa nyingine kwa mfuko wa wanawake wa Likoni. Hasara ikitokea, meli ikichelewa, kibarua akitoroka, iliishia kwao.

Kanuni zake nilizijua kwa kuziona. Aliyetoka zamu ya usiku hula kwanza. Mtoto wa shule haandikwi. Deni halidaiwi mbele za watu. Hii ya tatu aliishika kama ibada. Kulikuwa na mtu wa matishari aliyelimbikiza miezi, akawa anapita upande wa pili wa njia, uso ameuficha kwa kofia. Mama aliniita, akafunga mahamri manne ndani ya gazeti. "Mpelekee yule. Mwambie mama asema apite njia yake ya siku zote. Deni halina miguu, halitamkimbiza." Nilipomfikia yule mtu alilipokea gazeti kwa mikono miwili, akasimama nalo pale pale, magari yakimpigia honi.

Wala hakuwa mtu wa kuchezewa. Aliyekuwa nacho akakificha alimngoja mpaka wenzake waondoke, akamwambia kwa sauti ya kawaida: "Ulilipwa juzi. Mbele ya wenzio sikukuuliza. Sasa nakuuliza." Watu walilipa. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Moyo wa mama ulikuwa na hesabu ndani yake, na ndiyo sababu ulidumu.

Hakuwa peke yake. Khalati yangu mkubwa alimfuata mumewe Changamwe kilipojengwa kiwanda cha kusafishia mafuta kilichoanza kazi mwaka 1963. Akaweka seredani Chaani, akauza uji na viazi karai kwa watu waliotoka zamu wakinuka petroli. Khalati mdogo aliolewa Kisauni, ambako kiwanda cha simiti cha Bamburi kilikuwa kikizalisha tangu 1954. Aliuza chapati na maharagwe kwa wanaume weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, na Jumapili akavuka kisiwani na mabuyu na achari. Daraja la Nyali la siku hizo, lililojengwa 1931, lilielea juu ya maji na kupitia kwake kulilipiwa ushuru. Khalati aliuhesabu ushuru huo ndani ya bei ya mabuyu hadi daraja la zege lilipokamilika 1980. Wanawake watatu wa tumbo moja, kila mmoja kwenye mlango mmoja wa kisiwa. Ukitaka kujua Mombasa iliingiaje kazini asubuhi, ilipita mikononi mwao.

Maisha ya wanawake wa mji huu yameandikwa, lakini kwa uchache. Mwaka 1989 Sarah Mirza na Margaret Strobel walichapisha simulizi za Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, wanawake watatu wa Mombasa waliosema kwa vinywa vyao wenyewe juu ya ndoa, unyago, lelemama na kazi. Nakipenda kitabu hicho kwa sababu kimewaacha wazee waseme. Kila nikikisoma natamani mtu angelivuka feri na kinasa sauti chake, akamkuta mama akiwa bado na pumzi.

Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994, asubuhi, feri ya MV Mtongwe I ilipinduka ikiwa imejaa watu waliokuwa wakienda kazini kisiwani. Watu 272 walikufa. Mtongwe ni kwa kina mama. Hakukuwa na nyumba isiyokuwa na jeneza au isiyokwenda kwa jirani mwenye jeneza. Wiki hiyo mama hakukaanga. Alipika wali mkavu kwa masufuria ya kukodi na kuupeleka matangani, nyumba kwa nyumba, Waislamu na Wakristo.

Ilipopita wiki aliniita ukumbini usiku, akanipa taa niishike, akafungua daftari. Katika dini yetu deni humfuata maiti. Roho yake huning'inia mpaka lilipwe au mwenyewe asamehe. Mama alikuwa amekwenda huku na huko akiuliza nani amezama. Sasa akaweka kidole juu ya kila aliyempata, akasema kwa sauti, "Nimemsamehe duniani na akhera," akaandika neno moja pembeni: nimesamehe. Mwenye kikohozi. Kijana wa simiti. Mwalimu wa miwani. Wengine hawakuwa Waislamu, na hilo halikumsimamisha kidole. Kurasa hizo ninazo. Wino umekuwa wa kahawia, na mwandiko wake, ambao siku zote ulikuwa mdogo na wima, pale umeinama.

Miaka mitatu baadaye, usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, silaha zikaibwa, na mauaji yakaanza. Watu wa bara waliwindwa majumbani. Vibanda vyao vilichomwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa siku hizo na zilizofuata, na makumi ya maelfu wakahama. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na walioumia wa pande zote hawakuwa wenye kupanga. Maelfu walikimbilia uwanja wa Kanisa Katoliki la Likoni. Makaratasi yalikuwa yamesambazwa yakiwataka waondoke, na sisi wenyeji tulielewa bila kuambiwa kwamba anayewasaidia amejitia mwenyewe.

Mama alikaa ndani siku mbili. Siku ya tatu aliamka saa nane kama kawaida, akakaanga, akajitwika kikapu. Baba alimshika kanga. Akamwambia kwa Kidigo maneno ambayo sikuyasikia, baba akamwachia. Nilikwenda naye nikiwa na birika. Njiani vijana wa maskani walitusimamisha, wakamuuliza aenda wapi na chakula hicho.

"Kanisani," akasema. "Wateja wangu wako huko. Wana deni langu. Wakifa kwa njaa, n'tamdai nani?"

Walitazamana, wakatupisha. Deni lile halikuwa na kitu cha kudaiwa, na wao walijua. Alikuwa amewapa namna ya kumpisha bila kuaibika, kama alivyowafanyia wadeni wake maisha yake yote. Kanisani tuliwakuta wameketi juu ya mabunda ya nguo, watoto wamelala juani. Mtaita wa baiskeli alikuwako, bila baiskeli. Mama aligawa mpaka kikapu kikawa kitupu, na daftari hakulifungua.

Wengi hawakurudi Likoni. Madeni yao hakuyakata wala hakuyasamehe. Aliyaacha wazi, akisema aliye hai atapita. Katika matanga yake alikuja mzee mmoja kutoka Machakos, fimbo mkononi, akaketi na wanaume barazani, kisha akamwita kaka yangu pembeni na kumpa noti zilizokunjwa. Kaka alizikataa. Yule mzee akasema, "Si zako kuzikataa. Andika kwamba nimelipa." Tulilitafuta daftari la 1997 mpaka tukampata. Kaka akapiga mstari.

Madaftari ya baadaye yanaeleza mabadiliko ambayo bandari yenyewe huyaeleza kwa takwimu za shehena. Mamlaka ya Bandari ya Kenya iliundwa 1978 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, na makontena yakachukua nafasi ya magunia. Kontena moja hushushwa na kreni na watu wachache. Miaka ya 1990 bandari ilipunguza watu kwa maelfu. Katika kurasa za mama makuli wanapungua mwaka hadi mwaka. Wanaingia makanga wa matatu, maaskari wa kampuni za ulinzi, wasichana wa viwanda vya nguo, na waendesha bodaboda. Hamri lililokuwa senti kumi utotoni mwangu lilikuwa shilingi kumi alipoacha kazi. Feri zilibadilika pia: Nyayo, Harambee na Kilindini za mwaka 1990, kisha Likoni na Kwale, kisha Jambo, na wavukaji wakazidi laki tatu kwa siku. Lililobaki vile vile ni ule urefu wa mwezi mbele ya mtu asiye na kitu mfukoni.

Wifi yangu ndiye aliyeshika karai. Machi 2020 kafyu iliwekwa kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na saa za biashara yetu zikawa saa za kosa. Mama, akiwa kitini, alimfundisha kuuza kwa kupeleka milangoni mchana. Alipofariki mwaka uliofuata, wateja walikuwa wameshazoea kukopa kwa simu.

Hapo nina la kusema na vijana wangu. Katika miaka hiyo programu za mikopo za simu zilienea Kenya nzima, na nyingine, mkopaji akichelewa, ziliwapigia watu waliomo ndani ya simu yake: mamake, mwajiri wake, mchungaji wake, wote wakaambiwa kwamba fulani hajalipa. Watu walivunjika kwa aibu. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zilikuja kuwakataza wakopeshaji hao kufanya hivyo. Nilipozisoma niliitambua kanuni ya tatu ya mama, deni halidaiwi mbele za watu, ambayo yeye aliishika zaidi ya miaka hamsini bila wakili wala leseni. Taifa zima lilihitaji kuumia kwanza ndipo liandike alichokijua mwanamke aliyepigishwa dole gumba.

Nimeyapiga picha madaftari yote, ukurasa kwa ukurasa. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanajifunza kuzisoma herufi zake kwa msaada wa maalimu wa mtaa, na kila mmoja nimemtuma nyumbani kwao akamuulize bibi yake aliuza nini, alimkopesha nani, na alikuwa wa ngapi katika mchezo. Majibu yanakuja kutoka Timbwani, Shika Adabu, Magongo, Mishomoroni: uji, mihogo, samaki wa kukaanga, mnazi, maji ya mtungi. Kila bibi anakumbuka wadeni wake.

Makuli wana chama chao, mabaharia wana chama chao, na wote wameandikwa. Nawaomba wanaoandika historia ya bandari ya Mombasa waongeze fungu moja katika orodha ya wafanyakazi wake: wanawake wa Likoni, Changamwe na Kisauni waliowalisha makuli kabla ya mishahara kufika. Ushahidi upo, kwa mwandiko wao wenyewe, na sisi watoto wao tuko tayari kuusoma kwa yeyote atakayekuja kuuliza.